Miksa ya kusafiri nayo: hesabu maiki kabla ya kuhesabu hela

Mwalimu mmoja wa kwaya alinipigia simu akiwa dukani Kariakoo, michango ya waimbaji ikiwa mfukoni. "Fundi, nimepata miksa ya 12. Sisi tuna maiki nane, kinanda, solo na besi. Si itatutosha?"

"Mwalimu, usilipe kwanza," nikamwambia. "Itazame pale juu, uhesabu matundu ya duara yenye vitobo vitatu."

Akanyamaza kidogo. "Sita. Mengine ni ya jeki."

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Namba iliyo kwenye jina la miksa si idadi ya maiki. Mtengenezaji huhesabu kila kinachoweza kuingia, na chaneli ya stirio, kwa kuwa ina kushoto na kulia, huhesabiwa mara mbili. Yamaha MG10XU inapokea maiki 4. MG12XU inapokea 6, na MG16XU inapokea 10. Za kidijitali nazo ni vivyo hivyo: Behringer XR12 ni maiki 4 tu, XR16 ni 8, halafu XR18 inaruka hadi 16. Soundcraft Ui16 ni 12. Angalia XR16 na XR18: majina yanapishana kwa mbili, maiki zinapishana kwa nane.

Hesabu ya pili ni ya monita, na hii wanunuzi huisahau kabisa. Tafuta matundu yaliyoandikwa AUX. Kila moja ni mchanganyiko wake wa kumpelekea mwimbaji asikie anachotaka. MG10XU ina moja tu, na kitufe chake ndicho hicho hicho kinachopeleka sauti kwenye mwangwi. Ukimwongezea mwimbaji sauti yake kwenye monita, umemwongezea na mwangwi kwa wasikilizaji. Kwa mhubiri na maiki mbili hilo halina shida. Kwa kwaya ambayo soprano hawamsikii mpiga kinanda, ni ugomvi kila Jumapili. XR12 ina njia mbili za AUX, XR16 nne, XR18 sita.

Sasa bei. Maduka ya Marekani yamekuwa yakiuza MG10XU kwa dola 200 na kitu. MG16XU imekuwa ikicheza kwenye 500 na kitu. XR18 nayo imekuwa ikipanda na kushuka kati ya 500 na 700. Hizo ni bei za huko. Ikifika kwetu kuna usafiri, ushuru na VAT, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 na Kenya asilimia 16. Kwa mashine ya dola 600, asilimia 18 peke yake ni dola 108, hela ya kununulia maiki nzuri. Ndiyo maana bei ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue ikiwa chini kuliko ya Marekani kwenyewe, nakusihi usishangilie. Jiulize unauziwa nini.

Na bandia zipo. Nimeshika miksa zenye jina kubwa ubavuni ambazo hazikutoka kwenye kiwanda hicho. Kuna alama moja rahisi: MG10XU halisi haina bluetooth wala haisomi flashi. Tundu lake la USB ni lile la mraba, la kuunganishia kompyuta. Muuzaji akikuonyesha yenye kioo cha kuchezea nyimbo za flashi, hiyo ni mashine nyingine, hata kama herufi zinafanana.

Ukilinganisha MG16XU na XR18, ambazo bei zake hazipishani sana, kwenye karatasi XR18 inashinda bila ubishi. Kila chaneli ya maiki ina ikwalaiza kamili, ina kompresa na geti, na kila njia ya kutokea ina ikwalaiza ya mistari 31 ya kutafutia mluzi wa spika na kuukata. Inahifadhi mipangilio, kwa hiyo ukirudi ukumbi ule ule wiki ijayo unaanzia ulipoachia. Ukiichomeka kwenye laptop inarekodi chaneli 18, kila moja peke yake, wakati MG16XU inatoa mbili tu, kushoto na kulia. Ina uzito wa kilo 3 na kidogo. MG16XU inakaribia 7. Anayepanda daladala na vyombo analijua jambo hilo begani.

Lakini XR18 haina vitufe vya kuchanganyia. Unaiendesha kwa tableti, simu au laptop, na hapa gharama inaendelea baada ya kutoka dukani. Unahitaji tableti ambayo si ya mtoto kuchezea gemu, na unahitaji ruta.

Ruta nimeijua kwa uchungu. Harusi moja, ukumbi umejaa, kila mgeni na simu yake, nilikuwa naendesha miksa ya aina hii kwa Wi-Fi yake ya ndani. Mshereheshaji akashuka jukwaani na maiki, akasimama mbele ya spika kubwa kumwita mama wa bibi harusi. Spika ikaanza kupiga mluzi. Nikashusha chaneli kwenye tableti, haikushuka. Mtandao ulikuwa umekatika. Muziki unaendelea, kwa sababu mashine hizi hushikilia mpangilio wa mwisho, ila mimi sina mkono wa kuigusa. Nilikimbia hadi jukwaani nikachomoa waya wa maiki. Mama yule alikuwa ameziba masikio yote mawili.

Wi-Fi ya ndani ya XR18 ni ya 2.4 GHz, masafa yale yale yanayogombewa na simu za ukumbi mzima. Nunua ruta ndogo ya 5 GHz, iunganishe kwa waya kwenye tundu la mtandao la miksa, ipe nywila, na usimpe mtu. Ihesabu ruta hiyo kama sehemu ya bei. Ui16 ina nafuu moja: inaendeshwa kwa kivinjari cha kawaida, haihitaji programu, kwa hiyo simu ya yeyote inaweza kuokoa jahazi tableti ikizima. Ruta nayo usiiache.

Miksa ya vitufe haina hofu hizo. Mzee wa kanisa anaiona chaneli iliyoandikwa kwa tepu "Mchungaji", anashika kitufe, anashusha. Kama mitambo yenu inaendeshwa na watu wa kujitolea wanaobadilishana kila wiki, uzito wa jambo hili ni mkubwa kuliko kompresa 16 ambazo hakuna anayezijua.

Kuna nyingine mbili nizitaje kwa kifupi. Behringer Flow 8 inapokea maiki 4 na inatumia umeme wa USB, hivyo inawaka hata kwa power bank, jambo la maana kwa mahubiri ya nje au sehemu umeme unapokatika. X32, ambayo ilipoingia sokoni mwaka 2012 kwa bei chini ya dola 3,000 ilishtua watu, sasa inapatikana iliyotumika. Ni mashine nzuri sana, ila ina kilo 20 na ushee bila kasha lake. Hiyo ifungwe ukumbini ikae.

Mwalimu hakuinunua ile ya 12. Nilimshauri hivi, nami nasimama hapo: kwaya au bendi yenye maiki kuanzia 8, inayosafiri na kuhitaji monita zaidi ya moja, ichange hadi ifike XR18 pamoja na ruta na tableti, hata ikichukua miezi mingine mitatu. Ya maiki 4 kushuka, MG10XU halisi inatosha na itadumu. XR16 siipendekezi kwa kwaya, kwa sababu maiki 8 zitajaa kabla mpiga ngoma hajafika.

Siku ya kununua, nenda na maiki yako na waya wako mmoja mzuri. Mwombe muuzaji aiwashe, kisha chomeka tundu moja baada ya jingine, useme neno, uisikilize kila chaneli mpaka ya mwisho. Akikataa, toka na hela yako.