Mti wa Mpira Uliookoa Mihogo

Watu wengi hudhani kwamba mmea usioliwa wala kuuzwa hauna faida, afadhali ung'olewe upotee. Sikilizeni habari za mihogo, mpate kujua hatari ya mawazo hayo.

Mkulima hapandi muhogo kwa mbegu, bali kwa vipande vya shina. Kwa hiyo shamba lililotoka katika shina moja ni kama mmea mmoja: tabia yake ni moja, na udhaifu wake ni mmoja. Ugonjwa ukishinda mche mmoja, huweza kuishinda yote.

Upo ugonjwa uitwao batobato. Majani hupata mabaka ya manjano na kujikunja, mche hudumaa, na mizizi huwa midogo. Huenezwa na inzi weupe wadogo sana, tena na mkulima mwenyewe apandapo vipande vya shina gonjwa. Wataalamu waliandika habari zake mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Basi, katika miaka ya 1930 wataalamu Storey na Nichols walitafuta njia ya kuushinda huko Amani, katika milima ya Usambara. Walijaribu mihogo ya aina nyingi, lakini nguvu yake haikutosha. Ndipo walipomtazama ndugu wa muhogo, yaani mti wa mpira uliotoka Brazili. Wajerumani walikuwa wameupanda katika mashamba makubwa, lakini mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka, na mashamba mengi yakaachwa. Mizizi yake si chakula, wala utomvu wake haukuwa na mnunuzi tena. Lakini batobato haikuusumbua sana.

Wataalamu wakachanganya chavua ya mti huo na maua ya muhogo. Miche ya kwanza iliyozaliwa ilikuwa na nguvu ya kupigana na ugonjwa, lakini mizizi yake haikufaa. Wakaichanganya tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, wakichagua iliyo bora, hata wakapata mihogo mizuri yenye nguvu ile. Baadaye uzao wake ulipelekwa Nigeria, ukazaa aina nyingine. Na batobato kali ilipoharibu mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990, miongoni mwa mihogo iliyopelekwa kuwaokoa wakulima ilikuwamo ya ukoo huo.

Sasa fikirini: kama miti ile ingaliteketezwa yote, msaada huo ungalipotea kabla mtu hajaujua. Sisi nasi hatuujui ugonjwa wa kesho, wala mmea utakaoushinda.

Kwa hiyo, aina mpya ya mbegu ifikapo kwenu, ipandeni. Lakini waombeni wazee wawaachie ile ya zamani matuta machache. Maana shina la muhogo lisipopandwa hukauka, na aina ikiisha kupotea hairudi. Akiba haiozi.