Kisukari na Ramadhani: elimu inayookoa wanaofunga

Kila mwaka, Ramadhani inapokaribia, madaktari wa kisukari mjini Dubai huulizwa swali moja na wagonjwa wao: nifunge au nisifunge? Swali hilo huulizwa pia Mombasa, Unguja na Kigoma. Majibu yamo katika tafiti, lakini tafiti huandikwa kwa ajili ya mabingwa, ilhali uamuzi hufanywa nyumbani, mara nyingi bila daktari kujua.

Uzito wa suala hili ulidhihirishwa na utafiti uitwao EPIDIAR, uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 na kuhusisha wagonjwa Waislamu 12,243. Kati ya wenye kisukari cha aina ya pili, asilimia 79 walifunga siku 15 au zaidi. Kwa aina ya kwanza, asilimia 43. Katika mwezi huo, matukio ya sukari kushuka kwa kiwango cha hatari yaliongezeka karibu mara tano kwa aina ya kwanza, na mara saba na nusu kwa aina ya pili. Mgonjwa hutetemeka, hutokwa na jasho, huchanganyikiwa, na huweza kuzimia.

Elimu kama tiba

Je, maelezo peke yake yanaweza kupunguza hatari hiyo? Utafiti mdogo wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia wagonjwa 111. Kwa waliopata mafunzo kabla ya mfungo, matukio ya sukari kushuka yalipungua kutoka 9 hadi 5. Kwa wasioyapata, yalipanda kutoka 9 hadi 36.

Miongoni mwa watafiti hao alikuwemo Mohamed Hassanein, ambaye baadaye alifanya kazi katika Hospitali ya Dubai na kuongoza Muungano wa Kimataifa wa Kisukari na Ramadhani. Muungano huo ulishirikiana na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, ambalo tangu mwaka 2000 huchapisha takwimu za ugonjwa huo duniani. Watafiti walileta ushahidi, shirikisho likaleta uwezo wa kuuchapisha na kuusambaza. Mwongozo wao wa pamoja ulitoka mwaka 2016, ukiwa na ridhaa ya Mufti wa Misri, na ukafanyiwa marekebisho mwaka 2021.

Ridhaa hiyo ilikuwa na maana. Ingawa Qurani humruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine, wengi huona haya kuitumia ruhusa hiyo mpaka waisikie kwa sheikh pia.

Mwongozo unasema nini

Toleo la 2021 humpa kila mgonjwa alama kulingana na hali yake, kisha humweka katika moja ya makundi matatu: hatari ndogo, ya wastani, au kubwa. Aidha, linaeleza kuwa kujichoma kidole ili kupima sukari hakubatilishi saumu. Mfungaji anatakiwa kufungua mara moja sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, au ikipanda juu ya 300. Kwa vipimo vya milimoli, ni 3.9 na 16.6.

Pengo la lugha

Hata hivyo, mwongozo huo uliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya madaktari. Mfanyakazi kutoka Afrika Mashariki aliyeko Dubai husikia Kiarabu na Kiingereza kutwa, lakini mambo ya mfungo huyazungumza na jamaa zake kwa Kiswahili.

Na Kiswahili kina mtego wake. Mtu akisemwa kuwa "ana sukari", hueleweka kwamba sukari imemzidi. Kwa hiyo anapotetemeka saa tisa alasiri, huenda asifikirie kamwe kwamba imempungukia. Kutafsiri maneno ya mwongozo hakutoshi. Lazima mfasiri aeleze kwamba sukari ina hatari mbili, ya kupanda na ya kushuka.

Kazi hiyo inawahitaji watangazaji, wahariri na maimamu sawa na inavyowahitaji madaktari. Nayo ina wakati wake. Mwongozo unamtaka mgonjwa amwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mfungo, yaani katika mwezi wa Rajabu. Ushauri unaotolewa baada ya mwezi kuandama umekwisha kuchelewa.