Kipimo cha mkojo na saratani ya kibofu

Kipimo cha mkojo katika kutambua saratani ya kibofu ni uchunguzi wa kimaabara wa mkojo unaotafuta dalili za uvimbe ulioota katika utando wa ndani wa kibofu. Dalili hizo huwa damu, seli zilizoharibika umbo, au protini na mabadiliko ya vinasaba yanayotokana na uvimbe. Hakuna kipimo cha mkojo kinachotosha peke yake kuthibitisha saratani hii, wala kinachotosha kusema kwamba haipo. Uthibitisho hupatikana kwa kuingiza kamera nyembamba katika kibofu kupitia njia ya mkojo (sistoskopi) na kukata kinyama kidogo cha kupimwa. Hata hivyo safari ya mgonjwa karibu kila mara huanzia kwenye kikopo cha mkojo, na yanayoamuliwa pale ndiyo yanayompeleka mbele au kumchelewesha.

Damu kwenye mkojo

Dalili ya kawaida ya saratani ya kibofu ni damu kwenye mkojo, mara nyingi bila maumivu. Damu hiyo ina tabia ya kuja na kuondoka. Mgonjwa anaweza kukojoa mkojo mwekundu siku mbili, kisha ukawa safi kwa wiki kadhaa. Kama katika siku hizo alikuwa anakunywa dawa yoyote, iwe ya duka au ya mitishamba, ataamini kwamba dawa ndiyo iliyomponya, kumbe uvimbe bado upo.

Kipimo cha kwanza ni kijiti cha kuchovya, chenye vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi vinapokutana na damu, protini, sukari au chembe nyeupe. Ni cha bei nafuu na huhitaji dakika chache tu. Kina udhaifu wake: mwanamke aliye katika hedhi, au mtu aliyetoka kufanya mazoezi makali, anaweza kuonekana ana damu kwenye mkojo ingawa kibofu ni kizima. Kwa upande mwingine, vitamini C nyingi mwilini huweza kuificha damu iliyopo. Kwa sababu hiyo jibu la kijiti huhakikiwa kwa hadubini, ambapo seli nyekundu 3 au zaidi katika eneo moja la kutazamia kwa ukuzaji mkubwa huhesabiwa kuwa si kawaida. Si kila mkojo mwekundu una damu: dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huugeuza kuwa wa rangi ya chungwa au nyekundu, na kiazisukari chekundu hufanya vivyo hivyo kwa baadhi ya watu.

Kichocho na saratani

Katika Afrika Mashariki suala hili haliwezi kuelezwa bila kichocho. Kichocho cha mkojo husababishwa na mnyoo Schistosoma haematobium, ambaye hukulia ndani ya konokono wa majini wa jenasi Bulinus, kisha hupenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua, kuvua au kulima majarubani. Minyoo waliokomaa hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu na kutaga mayai yenye mwiba nchani. Baadhi hutoka na mkojo pamoja na damu. Mengine hunasa katika ukuta wa kibofu, na mwili hupambana nayo kwa miaka mingi, hadi utando wa kibofu unapokakamaa na seli zake kuanza kubadilika.

Mnyoo huyu aligunduliwa na daktari Mjerumani Theodor Bilharz mjini Kairo mwaka 1851. Mwaka 1911 A. R. Ferguson, naye akiwa Kairo, aliandika juu ya uhusiano wa ugonjwa huo na saratani ya kibofu. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka mnyoo huyu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Ushahidi wa Tanzania yenyewe umetoka hasa Kanda ya Ziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulipitia kumbukumbu za wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu kaskazini magharibi mwa nchi. Zaidi ya nusu walikuwa na saratani ya seli bapa, aina inayohusishwa na kichocho, na katika karibu nusu ya vinyama vyote yalionekana mayai ya mnyoo huyo. Ulaya na Marekani hali ni tofauti. Huko kisababishi kikuu ni tumbaku, na saratani iliyo nyingi hutoka katika seli za kawaida za utando wa njia ya mkojo. Kemikali za viwandani pia zimo: mwaka 1895 Ludwig Rehn wa Frankfurt alieleza saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa viwanda vya rangi.

Kutazama seli

Seli za utando wa kibofu hupukutika na kutoka na mkojo, hivyo zinaweza kukusanywa, kupakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Njia hii, iitwayo sitolojia ya mkojo, ilielezwa mwaka 1945 na George Papanicolaou, yuleyule ambaye jina lake limebaki katika kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi, pamoja na Victor Marshall. Tangu mwaka 2016 wataalamu wa nchi nyingi huandika majibu yake kwa utaratibu unaoitwa Mfumo wa Paris.

Sitolojia ni nzuri kwa uvimbe mkali, kwa sababu seli zake hubadilika sana na kuachana na ukuta kwa urahisi. Uvimbe wa daraja la chini hutoa seli zinazofanana mno na seli nzima, na kipimo hukosa walio wengi. Mawe, maambukizi na kichocho chenyewe huweza kuzivuruga seli hadi zikashukiwa bure.

Wakati wa kutoa mkojo una maana kuliko wengi wanavyodhani. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, hivyo mkojo wa mapema hauyafai. Kwa sitolojia, mkojo wa kwanza wa asubuhi haupendelewi, kwa kuwa seli zilizolala usiku kucha kibofuni zimeshaanza kuharibika. Kikopo kimoja kilicholetwa alfajiri kutoka nyumbani hakiwezi kujibu maswali yote mawili.

Vipimo vipya hutafuta protini, kama NMP22, au mabadiliko ya kromosomu, kama UroVysion. Huona baadhi ya uvimbe unaoponyoka sitolojia, lakini navyo hudanganywa na maambukizi, bei yake ni kubwa, na vilitengenezwa kwa kufikiria saratani ya nchi za tumbaku kuliko ile ya kichocho.

Hali ya Babati

Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002, iko kando ya Ziwa Babati katika barabara ya Arusha–Dodoma. Wakazi wake wengi wametoka mikoa mingine, na mtu aliyekulia Usukumani akichunga na kuoga mabwawani anaweza kuwa amekuja na mayai ya utotoni kibofuni.

Kijiti na hadubini si vitu vigeni katika vituo vya afya vya wilaya. Kamera ya kibofu na mabingwa wa mfumo wa mkojo hupatikana zaidi katika hospitali kubwa kama KCMC mjini Moshi, Bugando mjini Mwanza na Muhimbili jijini Dar es Salaam. Moshi ndiyo iliyo karibu zaidi, nayo ni kiasi cha kilomita 250 kwa barabara. Kwa familia inayotegemea mpunga wa Magugu, nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea ni mzigo, na ni rahisi kuelewa kwa nini wengi hungoja.

Tuseme mkulima wa miaka 55 anakojoa damu. Kwanza anaambiwa ni UTI na kupewa antibiotiki, damu inakoma. Mwezi wa tatu inarudi, anapewa dawa nyingine. Mara ya tatu anaona haya kurudi, akihofu majirani watasema ni kisonono. Kila hatua peke yake ina mantiki. Kilichokosekana ni kupima mkojo tena baada ya dozi kuisha, wiki 6 hivi baadaye. Kama damu bado ipo, au imerudi, hasa kwa mtu mzima, mvutaji wa sigara au aliyewahi kuugua kichocho, barua ya rufaa ndiyo inayohitajika, si dozi ya nne. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo. Haiondoi saratani iliyokwisha kuanza.

Baada ya matibabu mkojo huendelea kupimwa, kwa kuwa saratani ya kibofu ina desturi ya kujirudia. Mgonjwa ambaye uvimbe wake ulikwanguliwa bila kuondoa kibofu hurudi kwa kamera baada ya miezi 3, kisha kwa vipindi vinavyopangwa na daktari kwa miaka kadhaa, na sitolojia hufanywa sambamba pale ambapo maabara inaiweza.