Chakula, Mandhari na Mapumziko: Mwanafunzi wa Juja Ugenini Japani

Utangulizi

Uhusiano wa Japani na eneo la Juja na Theta, kati ya miji ya Ruiru na Thika, si jambo geni. Chuo cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilianza kupokea wanafunzi mjini Juja mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani kupitia shirika lake la ushirikiano wa kimataifa, JICA. Mwaka 1988 chuo hicho kilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 1994 kikapanda hadhi na kuwa chuo kikuu kamili. Kwa muda huo wote wahadhiri na wanafunzi wamekuwa wakitoka Juja kwenda kusoma Japani, nao Wajapani wamekuwa wakija Juja kufundisha na kufanya utafiti.

Aghalabu safari hizi hujadiliwa kwa kuzingatia shahada zinazopatikana. Makala haya yanadhamiria kueleza upande wa pili: chakula anachokila mwanafunzi huyo, mandhari anayoyazuru na namna anavyopumzika. Hoja inayojengwa ni kwamba mambo haya matatu ni mtihani wa lugha, na kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuyaeleza endapo wenyewe watakitumia.

Njia za kufika Japani

Njia iliyozoeleka zaidi ni ufadhili wa serikali ya Japani, ambao umekuwa ukitolewa kwa wanafunzi wa kigeni tangu mwaka 1954. Mwaka 2013, katika kongamano la tano la TICAD mjini Yokohama, serikali hiyo ilitangaza mpango mwingine wa kuwapa vijana wa Afrika nafasi ya kusoma shahada ya uzamili pamoja na mazoezi ya kazi katika kampuni za Japani. Kuna pia makubaliano baina ya vyuo vikuu, ambayo humwezesha mwanafunzi kukaa huko kwa muhula mmoja au miwili. Mwanafunzi wa kigeni anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kibarua kisichozidi saa 28 kwa wiki masomo yanapoendelea, na wengi hufanya hivyo katika mikahawa na maduka. Kwa hiyo chakula cha Kijapani huwa mezani pake na huenda kikawa kazi yake pia.

Chakula

Jambo la kwanza analokumbana nalo mgeni ni wali. Hapa msemaji wa Kiswahili yuko nyumbani kuliko anavyodhani. Kiswahili hutofautisha mpunga ulio shambani, mchele uliokobolewa na wali uliopikwa. Kijapani nacho hufanya vivyo hivyo: *ine* ni mpunga, *kome* ni mchele na *gohan* ni wali. Kiingereza aghalabu hutumia neno moja kwa vyote vitatu. Isitoshe, neno *gohan* humaanisha mlo wowote, kama vile watu wengi wa bara nchini Kenya wasivyohesabu kuwa wamekula iwapo hawakuonja ugali. Tofauti iko katika upishi. Pishori ya Mwea husifiwa kwa harufu yake na kwa punje zinazoachana, ilhali wali wa Kijapani una punje fupi zinazoshikana, na kushikana huko ndiko kunakowezesha kuuokota kwa vijiti.

Vijiti vyenyewe vina adabu zake. Ni mwiko kuvisimika wima katika bakuli la wali, kwa maana hivyo ndivyo wali wa marehemu unavyotengwa. Vilevile haifai kupokezana kitoweo kutoka vijiti hadi vijiti, kwani kitendo hicho huigiza desturi ya kuokota mifupa baada ya maiti kuchomwa. Mlaji akiufyonza mchuzi wa tambi kwa sauti hakemewi. Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Changamoto kubwa zaidi ni vyakula vya baharini. Kijana aliyekulia Theta au Thika huenda hajawahi kula pweza, ngisi wala mwani, na pengine hata majina hayo huyajua kutokana na kamusi tu. Hata hivyo, maneno hayo si mageni kwa Kiswahili. Pweza huuzwa barabarani Mombasa na katika bustani ya Forodhani, Unguja. Mjini Osaka, vipande vya pweza hutiwa ndani ya rojo la unga wa ngano na kupikwa katika chuma chenye vishimo. Chakula hicho huitwa *takoyaki*. Mtu anayekijua chuma cha vitumbua hahitaji maelezo zaidi. Mwani nao hulimwa Zanzibar na kuuzwa nchi za nje. Japani mwani wa aina nyingine hukaushwa ukawa kama karatasi nyembamba za kufungia wali. Inabainika kwamba mwanafunzi wa bara analazimika kuazima msamiati wa pwani ya kwao ili aieleze meza ya Japani. Asiyeujua huishia kusema "vitu vya baharini" na kunyamaza.

Kwa mwanafunzi Mwislamu suala ni zito zaidi. Nyama ya nguruwe hutumika katika supu nyingi, na mvinyo wa mchele hutiwa katika michuzi ambayo haionekani kuwa na kileo. Hulazimika kujifunza mapema kusoma maandishi yaliyo kwenye pakiti. Msikiti wa Kobe, uliofunguliwa mwaka 1935 na ambao ndio wa kwanza kujengwa Japani, uko katika mtaa wenye maduka ya vyakula vya halali.

Mandhari

Miongoni mwa mambo yanayozuriwa sana ni Mlima Fuji, wenye urefu wa mita 3,776. Mlima Kenya, wenye mita 5,199, unaushinda kwa kimo. Licha ya hayo, idadi kubwa ya Wajapani wa kawaida huukwea Fuji katika msimu wake, Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, ilhali wanafunzi wengi wa Juja huuona Mlima Kenya kwa mbali asubuhi kukiwa kweupe. Wapo pia wanaohitimu bila kufika kwenye maporomoko ya Fourteen Falls yaliyo karibu na Thika. Safari ya mbali humfunza mtu kuuliza maswali kuhusu kwao.

Mjini Kyoto huzuriwa hekalu la Kinkaku-ji lililopakwa dhahabu. Liliteketezwa kwa moto mwaka 1950 na kujengwa upya mwaka 1955. Mjini Nara, paa hutembea huru miongoni mwa wageni. Hiroshima, hata hivyo, si mahali pa kustarehe. Jengo lililobaki magofu baada ya bomu la atomiki la tarehe 6 Agosti 1945 limehifadhiwa lilivyo, na makumbusho yaliyo karibu huonyesha mavazi na vifaa vya waliokufa. Mkenya anayekumbuka tarehe 7 Agosti 1998, siku ya shambulio la bomu jijini Nairobi, na aliyeingia katika bustani ya kumbukumbu iliyojengwa mahali hapo, huelewa kwa nini wageni wa Hiroshima hutoka kimya.

Mapumziko

Mwaka wa masomo wa Japani huanza Aprili, wakati ambao maua ya mcheri huchanua katika sehemu nyingi za nchi. Watu hutandika mikeka chini ya miti, wakala na kuimba. Maua hayo hayadumu zaidi ya wiki mbili, na ufupi huo ndio unaoyapa thamani.

Burudani inayowatatiza wengi ni kuoga katika chemchemi za maji moto. Sheria ni kuosha mwili kwanza, kisha kuingia bwawani bila nguo, wanaume kwao na wanawake kwao. Kwa aliyelelewa katika misingi ya stara, hili ni gumu. Baadhi ya mabafu hukodishwa kwa faragha, na huko ndiko wengi hukimbilia. Maji yenyewe si kioja. Kando ya Ziwa Bogoria wageni huchemsha mayai katika chemchemi, na huko Hakone, Japani, mayai huchemshwa vivyo hivyo, maganda yakatoka meusi.

Kiswahili katika safari hizi

Kiswahili nacho kimesafiri hadi Japani. Hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Osaka, ambacho mwaka 2007 kiliunganishwa na chuo cha lugha za kigeni cha mji huo, na shirika la utangazaji la NHK lina idhaa ya Kiswahili. Aidha, mwaka 2005 marehemu Profesa Wangari Maathai alipozuru Japani alivutiwa na neno *mottainai*, linaloonyesha majuto kwa kitu chenye thamani kinachopotezwa bure, akalieneza duniani. Kiswahili kina neno *israfu* kwa upotezaji huo, lakini ni nadra kulisikia likitumiwa katika mijadala ya mazingira.

Uandishi wa safari si mgeni katika fasihi yetu. Katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyiko uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Martin Kayamba naye alichapisha *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza* mwaka 1932. Waandishi hao waliyaeleza mambo mageni, ikiwemo baridi na barafu, kwa Kiswahili kilichokuwepo.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba mwanafunzi anayetoka Juja kwenda Japani hukutana na chakula, mandhari na mapumziko yanayohitaji maneno, na kwamba mengi ya maneno hayo Kiswahili kinayo tayari. Kinachokosekana ni maandishi. Wengi wanaorejea huandika ripoti kwa Kiingereza kwa ajili ya wafadhili, na masimulizi mengine huishia vyumbani mwa wenzao. Vyama vya Kiswahili vyuoni vinaweza kuwaomba wasafiri hao waandike kurasa chache tu kabla kumbukumbu hazijafifia. Mali bila daftari hupotea bila habari.