Majani na namna zake

Mtu akishuka kutoka Kabalo mpaka ukingo wa Lualaba, kisha akirudi kwa njia ya mashamba, atakuta majani ya namna nyingi: mapana, membamba, laini, yenye kukwaruza mkono. Twauliza: mbona hayafanani, kwa kuwa kazi yao ni moja, yaani kupokea mwanga wa jua na kuupatia mmea chakula?

Jibu kubwa ni maji. Jani lina matundu madogo mno ya kupitisha hewa, na kwa matundu yale yale maji hutoka na kupotea. Yungiyungi halina hofu hiyo. Jani lake pana hulala juu ya maji, na matundu yako upande wa juu. Mwembe, nao, hukaa na majani yake kiangazi chote. Basi jani lake ni gumu, lenye kung'aa, limepakwa namna ya nta inayozuia maji.

Tena kuna msasa, mti wa jamaa ya mkuyu. Jani lake lina vinyweleo vifupi na vikali. Mafundi wa mbao walisugulia kazi yao kwa majani hayo kabla ya karatasi ya dukani kufika, na karatasi ile ikarithi jina la mti.

Lakini tusiliamini jani kupita kiasi. Tutazame muhogo: kwenye shina moja, jani hili lina vidole vitatu, lile saba. Wako wanaosema kwamba wanatambua muhogo mchungu kwa jani. Mkulima aweza kuijua mbegu aliyoipanda miaka mingi, hatukatai. Ila hesabu ya vidole haipimi sumu, na muhogo ule ule huzidi sumu wakati wa ukame. Mwaka 1938 daktari Trolli aliandika habari za konzo kule Kwango, ugonjwa unaopooza miguu kwa ghafula. Baadaye ulijulikana kuwa huwapata hasa wale wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, tena wasio na samaki wala nyama.

Kwa hiyo mihogo michungu ikae majini siku tatu au zaidi, ndipo ianikwe. Na sombe, hata ikiwa changa na laini, itwangwe sana kabla ya kuchemshwa: jani likivunjika ndipo sumu hufunguka, na chungu kikiachwa wazi, mvuke huichukua.