WALIOKWENDA MAGHARIBI

Ndugu msomaji, ukifika Tabora leo utaona reli. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo watu walisafiri kwa miguu. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora walitembea miezi mitatu au zaidi.

Katika karne ya 19 watu wengi walishikwa na hamu ya kwenda magharibi. Walitafuta nini huko? Walitafuta pembe za ndovu. Watu wa Ulaya na Marekani walizinunua kwa bei kubwa. Walizitumia kutengeneza vitana, mipini ya visu na vinanda. Ndovu walipopungua karibu na pwani, wafanyabiashara walisogea mbele. Walipopungua huko pia, walisogea mbele tena.

Hivyo Waarabu na Waswahili walifika Unyanyembe, wakajenga Tabora. Wengine walikwenda mpaka Ujiji, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakaingia Manyema.

Mizigo yao ilichukuliwa na wapagazi. Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi. Kila mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mbele alitangulia kirangozi, aliyeijua njia. Katika nchi ya kila mtemi msafara ulilipa ushuru ulioitwa hongo. Leo neno hilo lina maana nyingine, kama unavyojua.

Wanyamwezi hawakuwa wapagazi tu. Walikuwa pia wafanyabiashara na wawindaji wa ndovu. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi aliheshimiwa kama mtu mzima. Wengine walielekea magharibi, wasirudi tena.

Mmoja wao alikuwa Msiri. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa shaba, akisafiri kati ya Unyamwezi na Katanga. Katanga ni nchi yenye shaba nyingi, nayo sasa imo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Msiri alihamia huko katikati ya karne ya 19. Watu wake walikuwa wachache, lakini walikuwa na bunduki. Kwanza aliwasaidia watemi wa huko katika vita. Halafu aliwatawala. Mji wake uliitwa Bunkeya, na watu wake waliitwa Wayeke. Alituma shaba, pembe na watumwa, akapata nguo, bunduki na baruti.

Hapa tufikiri, ndugu msomaji. Nchi ile haikuwa tupu. Ilikuwa na wenyeji, mashamba na watemi. Mgeni alipata utajiri, lakini wenyeji wengi walipoteza uhuru wao. Wengine walikamatwa, wakauzwa utumwani. Misafara ilileta pia ugonjwa wa ndui katika vijiji vya njiani. Hata huku Tabora, mwaka 1871 vita vilizuka kati ya Mtemi Mirambo wa Urambo na Waarabu, na njia ya Ujiji ikafungwa. Waligombea biashara ya njia hiyo.

Mwishowe Msiri naye alifikiwa na wageni wenye nguvu zaidi. Wasanga, waliokuwa chini yake, walikuwa wamekwisha kumwasi. Ndipo ukaja msafara uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Walimtaka akubali bendera yao. Msiri alikataa. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi, akafa. Nchi yake ikachukuliwa. Wayeke wangali wanaishi Bunkeya mpaka leo.

Siku hizi pia watu huhama. Wafugaji hutafuta malisho, wakulima hutafuta ardhi yenye rutuba, vijana hufuata machimbo ya dhahabu. Kuhama si kosa. Lakini kabla hujapiga hodi mahali papya, uliza: nani anaishi hapa? Ardhi hii ina matumizi gani? Tutaishi pamoja kwa utaratibu gani? Mgeni anayeuliza hayo mapema huepusha ugomvi baadaye.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini wafanyabiashara walizidi kusogea magharibi?
2. Wenyeji wa Katanga walipata hasara gani?
3. Je, kijijini kwenu wapo waliohamia kutoka mbali? Walipokewaje?