Yao Ming, mshika mawili

Wahenga walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka. Yao Ming, Mchina aliyetamba katika mpira wa kikapu huko Marekani, aliyashika mawili kwa miaka mingi wala hakuachia hata moja. Kilichomponyoka ni kitu cha tatu: miguu yake.

Bwana huyu alizaliwa Shanghai mwaka wa 1980. Baba na mama wote walikuwa wachezaji wa kikapu, na mtoto akawapita kwa kimo: futi saba na inchi sita. Juni 2002, wachezaji wapya wa ligi ya Marekani walipochaguliwa, yeye ndiye aliyetangulia wote, akatwaliwa na Houston Rockets. Kiti alichokikalia kilikuwa kizito. Mwaka mmoja tu kabla yake alikuwa ameondoka pale Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Nigeria, Mwislamu aliyejulikana kwa kucheza mechi hali amefunga Ramadhani, na aliyeiongoza timu hiyo kutwaa ubingwa mara mbili.

Lakini Uchina haikumtoa bure. Masharti yalikuwa kwamba timu ya taifa ikimwita arudi, na sehemu ya mapato yake iende nyumbani. Hayakuwa maneno matupu. Wang Zhizhi, Mchina wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, alipokataa kurudi mwaka huo huo wa 2002, alitolewa katika timu ya taifa.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Katika mechi yake ya kwanza Yao hakupata hata pointi moja. Shaquille O'Neal, fahali wa ligi wakati huo, alimkejeli kwa kuigiza matamshi ya Kichina. Yao hakurudisha tusi kwa tusi. Alijibu kwa mzaha kwamba Kichina ni kigumu, hata yeye kilimsumbua utotoni. Walipokutana uwanjani Januari 2003, Houston ilishinda 108 kwa 104. Huo ndio uungwana.

Ligi ikimalizika, wenzake walipumzika. Yeye alipanda ndege kwenda kuchezea taifa. Februari 2008 mfupa wa mguu wa kushoto ukapata ufa. Akapasuliwa, na Agosti alikuwa Beijing, ameshika bendera kwenye ufunguzi wa Olimpiki, kando yake mtoto wa miaka tisa aliyenusurika zilzala ya Sichuan. Nani angethubutu kumwambia asiende?

Mwaka uliofuata mguu ule ule uliumia tena. Msimu mzima ukampita, na uliofuata alicheza mechi tano tu. Julai 2011, hata miaka 31 hajatimiza, aliaga mchezo. Mwaka wa 2012 alifika kwetu Kenya, akaona huko Samburu mizoga ya ndovu waliouawa kwa ajili ya pembe, akawasihi Wachina wenzake wasizinunue. Mwaka wa 2016 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, pamoja na O'Neal yule yule.

Lau angaliutua mzigo mmoja, huenda miguu ingalimvumilia zaidi. Lakini deni la nyumbani halilipwi kwa fedha peke yake. Mwenye mwana ughaibuni analijua hilo, na mwana mwenyewe analijua zaidi.